Miungu ya Roma katika Majina ya Siku

Asemaye «mardi» au «jeudi» kwa Kifaransa humtaja mungu wa Roma pasipo kukusudia: Mars, mungu wa vita, na Jupiter, mkuu wa miungu. Mfuatano wa majina hayo, hata hivyo, haukutoka katika visasili vyenyewe, bali katika hesabu ya wanajimu. Hao walizipanga sayari saba kuanzia iliyodhaniwa kuwa ya mbali kabisa: Saturnus, Jupiter, Mars, Jua, Venus, Mercurius, Mwezi. Kila saa ilitawaliwa na mojawapo kwa zamu, na siku ikapewa jina la mtawala wa saa yake ya kwanza. Saa 24 zikigawanywa kwa 7, husalia 3. Ndiyo sababu baada ya Saturnus huja Jua, kisha Mwezi, kisha Mars. Cassius Dio aliieleza kanuni hiyo katika karne ya 3.

Mwaka 321 Constantine aliamuru mapumziko katika «siku ya Jua», akilitumia bado jina la kipagani. Kanisa lilipinga majina hayo, lakini katika Kifaransa lilishinda mara mbili tu: «samedi» yatokana na Sabato, «dimanche» na Siku ya Bwana. Kireno ndicho kilichowafukuza miungu wote, kikahesabu: «segunda-feira» ni ya pili. Kiswahili nacho huhesabu, ila chaanzia Jumamosi.