Gogo Lililomo Ndani ya Blogu

Nilipofungua blogu yangu, nikiwa mwanafunzi, babu aliniuliza pale barazani Ngamiani maana ya neno lenyewe. Nikajitia ujuzi. Nikamwambia ni Kiingereza, web ni utando na log ni gogo.

"Gogo la utando?" akauliza. Nikakwama.

Historia ya karibuni nilikuwa naijua. Desemba 1997 Mmarekani Jorn Barger aliunganisha maneno hayo mawili akapata weblog, akimaanisha ukurasa wa kuorodhesha aliyoyakuta mtandaoni siku baada ya siku. Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata kwa utani, akatangaza kwenye tovuti yake kwamba yeye atalitamka "wee-blog". Alikata pasipo na kiungo: b ya web ikahamia kwa log, na hiyo b ndiyo uzi pekee wa utando uliobaki. Sisi tukatia u mwishoni. Ndesanjo Macha aliblogu kwa Kiswahili tangu 2004, katika Jikomboe. Wapo waliojaribu "gazeti tando". Halikushika, na wala sisikitiki.

Lililonishinda ni gogo. Babu, aliyekula ujana wake kwenye meli, akacheka.

"Hilo si la kuni, mjukuu wangu. Hiyo ni batli."

Akanieleza kwa mikono. Kipande cha ubao hufungwa kwenye kamba yenye mafundo, kikatupwa baharini nyuma ya chombo. Ubao unabaki majini, chombo kinakwenda, kamba inafunguka. Mafundo yanayopita mkononi mpaka mchanga wa shisha uishe ndiyo mwendo wa chombo. Mabaharia wa Kiingereza walifanya hivyo tangu karne ya 16, wakaandika hesabu kitabuni, na kitabu kikarithi jina la ubao. Barger alikitoa jina lake humo.

Nikaenda kutazama kamusi ya Johnson ya 1939. Batli imo. Miaka yote nimeishi mji wenye jina kama la tanga la jahazi, na neno hilo sikuwahi kulisikia shuleni.

"Na wewe yako unaandika nini?" babu aliuliza.

Nikaanza kuandika safari zake. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, leseni shilingi milioni moja, na ada ya mwaka milioni nyingine. Nikaifunga blogu. Tulikuwa tumefika safari ya pili, meli bado haijatoka Mombasa.