Matengenezo

Bahi, magharibi mwa jiji la Dodoma, mashine ya kukoboa mpunga ikizima katikati ya msimu wa mavuno, mwenye nayo husema inahitaji matengenezo. Kurekebisha kilichoharibika ni nusu tu ya maana ya neno hilo. Tengeneza limetokana na tengenea, yaani kuwa katika hali nzuri. Basi anayepaka grisi beringi kabla hazijaanza kulia, akakaza mkanda uliolegea na kusikiliza mlio wa rola, naye anatengeneza. Ni kazi mojawapo anayojifunza kijana wa ufundi mitambo katika chuo cha ufundi stadi cha VETA. Wengi huiita matengenezo kinga. Jina zuri, ila kinga imo tayari ndani ya neno. Fundi huyo alipwe hata siku ambayo hakuna kilichoharibika.