Kutoka Dole Gumba Hadi Namba ya Siri: Pesa ya Mama wa Mbeya na Iringa



Mchele wa Mbeya tunaoununua Darajani na mbatata za Iringa tunazomenya jikoni vina mama nyuma yake, aliyelima, akapalilia, akavuna. Sisi huku visiwani tunakula jasho lake, na malipo yake siku hizi humfikia kwa simu. Leo tunataka kutazama historia ya safari hiyo ya pesa. Zamani mama huyu alitambuliwa kwa dole gumba. Sasa anatambuliwa kwa tarakimu nne. Badiliko hilo limewafungulia wengi mlango, na wengine limewaacha nje, na waliobaki nje wengi wao ni bibi zetu.

Enzi ya wino na kitabu

Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, benki binafsi za Tanzania Bara zilitaifishwa na ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Kwa miaka 30 hiyo ndiyo benki waliyoijua watu wengi wa Mbeya na Iringa, mpaka ilipogawanywa mwaka 1997 na matawi mengi ya wilayani yakawa ya NMB.

Mteja wa enzi hizo alikuwa na kitabu chake. Akifika dirishani, karani alitazama picha, akalinganisha saini, akahesabu noti. Asiyejua kuandika alichovya dole gumba kwenye wino. Nao hawakuwa wachache. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mama wengi walioshika kalamu kwa mara ya kwanza walianzia madarasa ya ngumbaru.

Tusiusifu utaratibu ule kupita kiasi. Wino kidoleni uliwaambia watu wote wa foleni kwamba huyu hakusoma. Tawi lilikuwa mjini, na anayeishi ndani ndani Kilolo au Rungwe alipoteza siku nzima njiani. Mume akisindikiza, alisikia kila kinachosemwa dirishani. Hata hivyo kulikuwa na jambo moja la haki: kazi ya kumtambua mteja ilikuwa ya benki. Karani ndiye aliyepaswa kujiridhisha kwamba huyu ni Mama Fulani. Mama alileta uso wake na kidole chake tu, na hivyo havisahauliki nyumbani.

Tarakimu nne zilitoka wapi?

Mwaka 1966 mhandisi wa Scotland, James Goodfellow, aliomba hataza ya mfumo wa kadi na namba ya siri. Tarehe 27 Juni 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, mashine ya kutolea fedha iliyobuniwa na John Shepherd-Barron ilizinduliwa kwenye tawi la Barclays huko Enfield, London. Shepherd-Barron mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alifikiria namba ya tarakimu sita, akamuuliza mkewe Caroline wakiwa mezani jikoni. Caroline akasema yeye anaweza kukumbuka nne tu. Zikawa nne.

Tunakipenda kisa hiki, kwa sababu mke aliulizwa na jibu lake likasikilizwa. Lakini kinatufundisha jambo jingine pia. Namba ilipimwa kwa kumbukumbu ya mtu anayesoma na anayeona. Meza ile haikuwa na bibi mwenye mtoto wa jicho, wala mtu ambaye mkono wake unatetemeka, wala mama asiyejua 6 na 9 zinatofautianaje.

Nyanda za Juu Kusini namba hiyo ilifika kwanza kwa watu wa mishahara na pensheni: walimu, wauguzi, wastaafu. Kadi ikachukua nafasi ya kitabu. Kisha, mwaka 2008, Vodacom ilizindua M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Hapo namba ya siri ikatoka benki ikaingia vijijini, kwenye kibanda cha wakala, mfukoni mwa mkulima wa mpunga wa Kyela na mchuma chai wa Mufindi.

Faida tuliyoiona

Haki ni kusema pia mema yake. Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya liliungua mwaka 2006, na kila anayefanya biashara sokoni anajua kwamba pesa iliyo kwenye kijisanduku huungua pamoja na bidhaa. Iliyo kwenye simu haiungui. Pesa ya pindo la kanga kila mtu nyumbani anajua ilipo, ila salio la simu analijua mwenye namba. Sisi tunaoamini kwamba mali ya mwanamke ni yake, na mume hana haki ya kuichukua bila ridhaa yake, tunaelewa uzito wa siri hiyo. Kwa mara ya kwanza mama muuza mboga alikuwa na kufuli ambalo ufunguo wake uko kichwani mwake.

Viziwi nao walipata nafuu. Mjini Iringa kuna Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha. Ilianza na vijana viziwi waliotengeneza karatasi, na ikawa na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi na mteja huandika anachotaka. Kwa mtu anayewasiliana kwa maandishi na ishara, ujumbe wa simu unaoonyesha kiasi, jina na salio ni msaada mkubwa. Haimlazimu kubahatisha midomo ya karani nyuma ya kioo.

Aliyebaki mlangoni

Sasa mtazame bibi asiyeona. Anabonyeza *150*00#. Inakuja orodha ya maandishi, achague namba, ije orodha nyingine. Akichelewa, orodha inapotea na anaanza upya. Kitochi chake hakimsomei chochote. Vitufe vina kijinukta juu ya 5, na kwa kijinukta hicho asiyeona anaweza kuzipapasa namba nyingine zote. Lakini simu ya kioo haina kitufe cha kupapasa, na mashine mpya za kulipia madukani nazo nyingi zimekuwa kioo kitupu.

Basi bibi anafanya nini? Anamwita mjukuu, au anamtajia wakala namba yake. Na hapo ndipo penye dhulma ya kimyakimya. Masharti ya huduma yanasema namba ya siri asipewe mtu, na pesa ikipotea, aliyeitaja anahesabiwa kuwa ndiye mzembe. Chombo kimetengenezwa asiweze kukitumia peke yake, kisha anaambiwa kosa ni lake kwa kuomba msaada. Kazi ya kumtambua mteja, iliyokuwa ya benki, imehamia mabegani mwake.

Jambo hili lilizidi uzito malipo ya TASAF yalipoanza kupita kwenye simu na benki. Awali walengwa, wengi wao wanawake, walikusanyika kijijini na kupokea fedha taslimu mkononi. Awamu ya pili ya mpango wa kunusuru kaya maskini, iliyozinduliwa Februari 2020, ikatilia mkazo malipo ya kielektroniki. Mwenye simu na macho mazuri alipumua, maana hakuna tena kushinda juani akisubiri kuitwa. Asiyekuwa navyo alilazimika kutafuta mtu wa kumwamini. Tena ni zama za ujumbe ule tunaoujua sote, "ile pesa tuma kwenye namba hii", unaowalenga hasa wasioweza kuusoma vizuri.

Cha kushangaza, kidole kilirudi. Kuanzia Mei 2019 laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Lakini kidole kilitumika kufungua laini tu. Kutoa pesa kulibaki kwa tarakimu nne. Na mkono ulioshika jembe miaka 50 michirizi yake huwa imefutika, mashine haiusomi kwa urahisi.

Je, njia nyingine ilikuwepo?

Ilikuwepo, na si mbali. Ng'ambo ya Mto Songwe, nchini Malawi, benki ya Opportunity iliyoanza mwaka 2003 iliwapa wateja wake wa vijijini kadi zinazofanya kazi kwa alama ya kidole. Uingereza nayo ilipohamia rasmi kwenye namba ya siri madukani, Februari 2006, asiyeweza kuitumia kwa sababu ya ulemavu aliruhusiwa kupata kadi ya saini.

Sheria zetu pia hazijanyamaza. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, Tanzania ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, na Bara ikatunga sheria yake mwaka 2010. Na kabla ya hizo zote, aya ndefu ya deni katika Suratul Baqarah, ya 282, imemtaja waziwazi asiyeweza kuandikisha mwenyewe: msimamizi wake amwandikishie kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Udhaifu wake haukufanywa kosa. Umewekewa utaratibu.

Utaratibu kama huo ndio tunaoutaka kwa mama wa Mbeya na Iringa na kwa bibi zetu wa Unguja na Pemba wanaotumia pesa za simu. Wenye huduma waruhusu msaidizi anayetambulika, menyu ya sauti, na kidole kwa anayekihitaji. Mpaka hapo, sisi wenyewe tuanze na haya:

Bibi amchague msaidizi mwenyewe, asipangiwe. Muamala ufanyike akiwa amekaa pale pale, na ujumbe wa salio asomewe na mtu wa pili. Namba ibadilishwe kila msaidizi anapohama. Kama kuna tawi karibu, aulize dirishani juu ya dole gumba, asione haya.

Na anayeshika namba ya siri ya mzazi wake akumbuke kwamba ameshika amana, na amana huulizwa.