Kunenepa ni Kitenzi

Anayeshuka basi Korogwe baada ya mwaka mzima Dar es Salaam hupokelewa kwa hukumu ya mwili. "Umenenepa, mwanangu!" ni pongezi: mji umemtunza. "Mbona umepungua?" ni swali linalomtafuta mkosaji, awe mume, mwajiri au maradhi.

Pongezi hiyo ina mizizi. Nyanda za Handeni, jirani na Korogwe, zinaujua ukame. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alifuatilia njaa zilizoikumba nchi ya Wazigua, wenyeji wa nyanda hizo, kati ya 1840 na 1940. Penye kumbukumbu hizo, mwili mnene ni ghala lisilo tupu. Kisha ukaja ukimwi, ulioripotiwa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, kukonda tu kulitosha kuzua minong'ono msibani. Mwanamke aliyeshauriwa na daktari apunguze uzito alikuwa na sababu ya kusita.

Lugha ya afya nayo imeleta istilahi zake: uzito uliozidi, na kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Ya kwanza naikubali. Ya pili inaniuma. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Anayeitwa hivyo ameambiwa yeye ni chombo kilichofura. Neno hilo limekwenda kukaa na bonge, na upande wa pili ng'onda na kimbaumbau, majina ambayo wanafunzi hurushiana mpaka mmoja wao anaacha kucheza netiboli.

Majina, ndiyo. Yote haya ni nomino; yakimganda mtu hayabanduki. Kunenepa, kukonda na kupungua ni vitenzi, na vitenzi vina njeo: alinenepa, amepungua, atanenepa tena. Mwili hubadilika kwa uzazi, jembe, huzuni na umri, na kitenzi kinalikubali hilo. Nakipenda zaidi kunawiri, kilichotoka Kiarabu na chenye undugu na nuru. Mahindi ya Mkata hunawiri mvua ikikaa vizuri. Binti mwembamba hunawiri, na shangazi yake mnene hunawiri. Hakina kilo ndani yake.

Sukari na presha zipo, na mizani ina kazi yake. Basi muuguzi aufanye uzito kuwa kiima cha sentensi: "Mama, uzito umepanda kilo nne tangu Machi. Karibu ukae, tupime na presha."