Utengulikaji: sharti la anayetengeneza mpini wa pembe

Mafundi wa makumbusho wana sharti kubwa: chochote unachokiongeza kwenye kitu cha kale, fundi wa kesho aweze kukitoa bila kukijeruhi kitu chenyewe. Sharti hilo tuliiteje?

Kabla ya kulijibu, tuuangalie mpini wa pembe wenyewe. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilivushwa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, kisha zikabebwa kwa miguu hadi pwani. Mfanyabiashara wa pembe Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, alitaka kuitia Burundi mkononi akashindwa, lakini lugha ya misafara ilikaa. Huko Rumonge, mji wa Burundi kando ya ziwa hilo, Kiswahili kinazungumzwa hadi leo. Na miongoni mwa panga za Waomani na Waswahili wa enzi hizo zimo zenye mipini ya pembe.

Mpini kama huo mara nyingi huharibikia ndani. Msuka, ule mkia wa chuma unaoingia mpinini, hushika kutu kwa unyevu. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, basi pembe hupasuka. Mwenye upanga hukimbilia gundi ya kuchanganya, ambayo ikishakauka haiyeyuki tena. Mwingine hupaka mafuta, na mawese hayakosekani Rumonge. Yakishazama kwenye pembe, doa halitoki. Makumbusho hupendelea gundi ya akriliki iitwayo Paraloid B-72, kwa kuwa huyeyuka tena kwa asetoni.

Tukiiita “gundi inayobanduka”, mnunuzi ataikataa, na ana haki: inaachia yenyewe. “Inayobandulika” hungoja mkono wa mtu. Ni tofauti ileile ya kuondoka na kuondoleka: mgeni huondoka, vumbi huondoleka. Sarufi yetu imeshafanya kazi ambayo lugha nyingine huifanya kwa maelezo marefu. Kwa kuwa sharti hili linahusu pia nta, rangi na ribiti, wala si gundi peke yake, napendekeza tutoke kwenye kitenzi tengua: utengulikaji. “Urejeshaji” haufai, maana huo hukirudisha kitu katika hali yake ya zamani, ilhali hapa kinachofutwa ni kazi ya fundi.

Tukirudi kwenye mpini, pengo la ufa lijazwe nta iliyotiwa rangi, si pembe mpya, ambayo biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku katika mkutano wa mataifa uliofanyika Lausanne, Uswisi, mwaka 1989. Nawe uliye na mpini uliopasuka, usiupake kitu. Ufunge kwa kitambaa cha pamba, uuweke mbali na jua, umngoje fundi anayeijua gundi inayotengulika.