Namba ya matrikule: kwa nini kasha ya Leta haikufika shimoni



Katika mkutano wetu uliopita mama mmoja wa Rubaya alisimama akauliza swali ambalo halikupata jibu. Tulikuwa tunahesabu pesa zilizotoka katika sanduku la chama kwa ajili ya kijana aliyevunjwa mguu na udongo shimoni: pikipiki ya kumshusha, hospitali, unga wa watoto wake kwa wiki sita. Mama akasema: "Nasikia Leta iko na kasha ya watu wenye wanaumia ku kazi. Sasa mbona ni sanduku yetu inalipa? Sisi ndiyo Leta?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Kamati ikanipa mimi kazi ya kutafuta jibu, kwa sababu nilifundisha historia kabla ya vita kufunga shule yetu.

Kasha iko kweli. Tena ni ya zamani kuliko wengi wetu.

Turudi kwanza wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1928 waliunda Komite ya Taifa ya Kivu, ikapewa mamlaka ya kugawa ardhi kubwa kwa wazungu wenye mashamba. Shamba bila mikono ni pori. Basi mwaka 1937 wakaanzisha mpango wa kuhamisha watu kutoka Rwanda kuja Masisi, kuanzia Gishari, na mpango huo uliendelea kwa vipindi hadi mwaka 1955. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu kama 85,000. Sitaingia katika ugomvi wa nani alikuja lini. Ugomvi huo umeshatuzika vya kutosha. Naangalia jambo moja tu: mwenyeji na mhamiaji, wote wawili walihesabiwa kama mikono ya kahawa, chai na pareto.

Mikono ikikatika, nani analipa? Tarehe 1 Agosti 1949 ilitoka dekreti ya koloni juu ya malipo ya ajali za kazi na magonjwa ya kazi kwa wafanyakazi Waafrika. Mwaka 1951 ikafuata ile ya posho za familia, na mwaka 1956 ile ya pensheni. Ni lazima tuseme ukweli hata kama hautufurahishi: dekreti hizo hazikutoka kwa huruma. Makampuni yalikuwa yameshaona kwamba mfanyakazi mwenye afya na familia karibu naye hatoroki. Hata hivyo sheria ilikuwa sheria, na mtu aliyekuwa na mkataba aliweza kuishika.

Neno la kuangalia ni hilo, mkataba. "Mfanyakazi" alikuwa yule aliyeandikwa, mwenye kitabu cha kazi na mwajiri anayejulikana. Mama aliyechuma pareto akalipwa kwa kilo, mtoto aliyebeba maji ya kambi, baba aliyelima shamba lake huko Nyabiondo au Mutongo akauza mahindi sokoni, hao hawakuwa wafanyakazi mbele ya sheria. Mlango ulijengwa hivyo tangu mwanzo, na haujawahi kupanuliwa sana.

Uhuru ulipokuja, Leta mpya haikubomoa nyumba hiyo, iliunganisha vyumba vyake. Tarehe 29 Juni 1961, siku moja kabla ya uhuru kutimiza mwaka, sheria ya Rais Kasa-Vubu ilifunga pamoja kasha tatu za zamani, ya pensheni, ya posho za familia na ile ya walemavu wa kazi, zikawa INSS. Wazee wetu bado wanaiita hivyo, "inesesi", ingawa jina limebadilika. Agosti 1967 ikatoka Sheria ya Kazi. Kwa karatasi tulikuwa nchi yenye ulinzi kamili: uzee, ajali, watoto.

Kwa karatasi, na kwa sehemu pia kwa kweli. Muulize mzee wa Walikale juu ya SOMINKI. Kampuni hiyo ilizaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya madini ya Kivu na Maniema, Leta ikiwa na sehemu ndogo ndani yake. Palipokuwa na mgodi wa SOMINKI palikuwa na kambi, zahanati na shule. Mfanyakazi alikuwa na namba yake ya matrikule, na akiumia alipelekwa hospitali ya kampuni bila kuulizwa ana pesa ngapi. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye alikuwa fundi wa mashine katika mgodi mmoja ambao sitautaja, alinionyesha kidole kilichokatika mwaka 1979. Anakionyesha kwa fahari, kwa sababu kililipwa! "Kidole hiki kilisomesha mkubwa wangu," anasema. Nimemsikia akisema hivyo mara kumi labda, na kila mara anahesabu tena ni mafranga ngapi, yaani zaire ngapi, kwa sababu wakati ule pesa yetu iliitwa zaire.

Na hapo ndipo hadithi inapoharibika, maana pesa yenyewe ilikufa.

Upande wa mashamba uharibifu ulianza mapema zaidi. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zinapita mikononi mwa raia wa Zaire. Masisi ilikuwa na mashamba mengi ya namna hiyo. Wengi waliopewa walikuwa watu wakubwa wa siasa na biashara, si wale waliokuwa wakiyalima. Sehemu nyingi kahawa na chai ziliondolewa, ng'ombe wakaingia. Ng'ombe mia wanahitaji wachungaji wachache tu, na mchungaji hupewa maziwa na pesa kidogo ya mkononi. Namba ya matrikule haihitajiki. Sheria haikubadilishwa hata neno, ila watu wa kuingia ndani yake ndio walipungua.

Kwenye madini, pigo lilitoka mbali. Oktoba 1985 soko la bati la London lilianguka, bei ikaporomoka, na SOMINKI iliyokuwa ikiishi kwa kasiterite haikusimama tena vizuri. Miaka mitatu kabla yake, Novemba 1982, Leta ilikuwa imeruhusu raia kuchimba dhahabu na almasi kwa mikono. Mtu asiye na mshahara akachukua koleo. Mwaka 1997 SOMINKI ilifungwa, mali yake ikapita katika kampuni mpya ya SAKIMA, na wafanyakazi wa zamani walibaki miaka na miaka wakidai hesabu yao ya mwisho. Wengine wamekufa wakidai.

Sasa turudi kwa pesa. Mwaka 1993 serikali ilitoa zaire mpya: zaire za zamani milioni 3 zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 ikaja franga ya Kongo: zaire mpya 100,000 zikawa franga 1. Zidisha mwenyewe. Franga moja ya Kongo ilikuwa sawa na zaire za zamani bilioni 300. Mtu aliyekatwa mshahara kila mwezi kwa miaka ishirini ili ale uzeeni, alikuta jasho lake lote halinunui hata sanduku la kiberiti. Ni lazima wafadhili wetu waelewe jambo hili, kwa sababu wengine wanatuuliza kwa nini watu wetu hawaamini kukatwa pesa leo ili walipwe kesho. Si ujinga. Wameshakatwa.

Vita navyo vilikula karatasi. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Mwaka 1996 ikaja vita kubwa, na baada ya hapo nani anahesabu tena? Kila mara tunakimbia na godoro, sufuria na mtoto. Kitabu cha kazi kinabaki ndani ya paa la nyumba, na nyumba inachomwa. Kampuni nayo ikiporwa, rejista yake inafungia karanga sokoni. Mzee mwenye haki anafika mbele ya karani, karani anauliza namba, basi.

Wenye umri wangu tunakumbuka mwaka 2000, bei ya koltani ilipopanda hadi walimu wakaacha chaki. Halafu Bisie, kule Walikale, ambako kasiterite ilianza kuchimbwa karibu mwaka 2002. Maelfu waliingia msituni. Mizigo ya kilo 50 ilibebwa mgongoni mwendo wa siku mbili hadi Njingala, na ndege zilitua juu ya barabara pale Kilambo kuibeba kwenda Goma. Ndani ya shimo hewa ilikuwa haba, maji yaliingia, mbao za kushikilia udongo zilikuwa chache kwa sababu kila ubao ni hasara kwa mwenye shimo. Kwa muda mrefu askari ndio waliokuwa wakubwa wa kilima hicho, na mkaguzi wa kazi hapiti mahali ambapo jeshi linakusanya kodi.

Sheria za kutulinda hazikukosekana. Mwaka 2002 peke yake ulitupa tatu: Sheria ya Madini ya Julai, Sheria ya Kazi mpya ya Oktoba, na ONEM, ofisi ya taifa ya kuwasaidia watu kupata kazi. Mwaka 2003 ikaja SAESSCAM, idara ya kuwasimamia na kuwafundisha wachimbaji wadogo, ambayo tangu 2017 inaitwa SAEMAPE. Mchimbaji anatakiwa kuwa na kadi yake ya kila mwaka, kuwa mtu mzima, na kuchimba katika eneo lililoruhusiwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2018 anatakiwa pia kuwa ndani ya koperative.

Septemba 2010 Rais Kabila alifika Walikale akatangaza kwamba uchimbaji unasimamishwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Ulifunguliwa tena Machi 2011. Miezi sita hiyo watu waliokuwa wakiishi kwa koleo hawakupata hata franga ya Leta, kwa sababu katika nchi yetu hakuna malipo ya mtu aliyepoteza kazi. Kasha inajua uzee, ajali na watoto; ukosefu wa kazi haiujui. Na niseme moja linaloniuma: msaada wa kazi uliofika vijijini kwetu mara nyingi ulifika kwa jina la kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia, tangu CONADER hadi programu iliyoundwa mwaka 2021. Mwenye bunduki aliahidiwa mafunzo na vifaa. Aliyebaki na jembe lake aliambiwa asubiri.

Sasa naweza kumjibu mama wa Rubaya. Tarehe 15 Julai 2016 INSS ilipata sheria mpya, na baadaye jina jipya, CNSS. Kwa kila mshahara wa 100, mwajiri analipa 13 na mfanyakazi 5. Ndani ya zile 13 za mwajiri, 5 ni za pensheni, 6 na nusu za familia, na 1 na nusu za ajali na magonjwa ya kazi. Hiyo moja na nusu ndiyo pesa ya mguu wa kijana wetu. Inalipwa na mwajiri peke yake.

Mwajiri wa kijana huyo ni nani? Nilikwenda kuuliza. Mkubwa wa shimo, yule vijana wanamwita PDG, aliniambia: "Mimi sina wafanyakazi, mimi nagawa mifuko." Koperative ikasema yeye ni mwanachama, si mwajiriwa. Mnegosiyanti anasema ananunua tu mawe. Kontuari ya mjini haimjui kabisa. Kila mmoja anachukua sehemu yake kwenye mfuko, na hakuna hata mmoja aliye bosi wake. Hapo ndipo ile moja na nusu inapopotelea. Mlango wa mwaka 1949 ulimtaka mtu aliyeandikwa, mwenye mwajiri. Mchimbaji wetu anabeba hatari kubwa kuliko mfanyakazi yeyote wa kambi ya SOMINKI, lakini amesimama nje ya mlango uleule.

Hata walio ndani wanateseka. Tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya imebadilisha tena wenye mamlaka. Mwisho wa Januari 2025 benki za Goma zilifungwa, na mwezi uliofuata kambi za Bulengo na Lushagala zikaamriwa zihamwe. Wengi wenu mlirudi hapo, mkakuta paa hakuna. Mwenye pensheni anayepitia benki na asiye na pensheni walikutana kwenye foleni moja ya unga.

Sanduku letu haliwezi kuwa CNSS. Kwa michango ya wiki na msaada wa wafadhili linaweza kushusha mgonjwa, kununua sanda, kulisha watoto mwezi mmoja na nusu. Haliwezi kumlipa mjane miaka kumi. Nimewaambia kamati hivyo, nao wakakubali tusijidanganye.

Mambo mawili yamepitishwa. Kuanzia sasa kila ajali ya mwanachama itaandikwa katika daftari: siku, jina la shimo, koperative inayosimamia, nani alinunua mzigo wa wiki ile, na mashahidi wawili. Mtu akisema kesho kwamba hamjui kijana huyo, tutakuwa na kitu cha kumwonyesha. Pili, mwenye kitabu cha kazi cha zamani, fishi ya malipo, kadi ya INSS, hata kipande kilicholiwa na maji, akilete kwa sekretari kipigwe picha, na nakala ihifadhiwe mahali pawili. Mzee mwenye kidole ameshaleta cha kwake. Namba ya matrikule inasomeka, isipokuwa tarakimu mbili za mwisho, na anasema anazikumbuka. Sekretari anapatikana Jumanne na Ijumaa, baada ya soko.