Msimu wa Ndanda FC 2019/20

Msimu wa 2019/20 ulikuwa msimu wa sita mfululizo kwa Ndanda FC, klabu ya mpira wa miguu ya mkoa wa Mtwara, kusini-mashariki mwa Tanzania, kushiriki Ligi Kuu Tanzania Bara. Ulikuwa pia msimu wake wa mwisho katika daraja hilo kabla ya kushuka. Ndanda ilimaliza miongoni mwa timu nne za mkiani kati ya timu 20 na ikashuka moja kwa moja pamoja na Singida United, Lipuli FC ya Iringa na Alliance FC ya Mwanza.

Msimu huo unakumbukwa kwa mambo matatu: idadi kubwa ya timu zilizopaswa kushuka, kusimama kwa ligi kutokana na ugonjwa wa korona, na kupanda kwa haraka kwa jirani yake, Namungo FC ya Ruangwa mkoani Lindi, iliyomaliza katika nafasi ya nne mwaka uleule ambao Ndanda ilishuka.

Klabu na uwanja wake

Klabu inabeba jina la Ndanda, mji mdogo wa wilaya ya Masasi ulioko kando ya barabara kuu inayotoka pwani kwenda Masasi. Mji huo unajulikana kwa abasia ya Wabenedikto na hospitali yake. Ingawa jina ni la bara, mechi za nyumbani za Ligi Kuu zilichezwa Mtwara mjini, katika uwanja wa Nangwanda Sijaona. Uwanja huo umepewa jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mwanasiasa wa TANU aliyekuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Julius Nyerere na kiongozi wa Umoja wa Vijana wa TANU.

Wachezaji na mashabiki wa Ndanda huitwa "Wanakuchele". Jina hilo linatokana na msemo "Mtwara kuchele", ambao kwa watu wa kusini una maana ya kwamba Mtwara kumekucha.

Usuli

Ndanda ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014 pamoja na Stand United ya Shinyanga na Polisi Morogoro. Wakati huo ligi ilikuwa na timu 14. Katika mechi yake ya kwanza ya daraja hilo, tarehe 20 Septemba 2014, Ndanda iliifunga Stand United mabao 4-1 ugenini Shinyanga. Ilipoanza safari hiyo ilipata udhamini wa kampuni ya matairi ya Binslum.

Kati ya timu tatu zilizopanda pamoja, Polisi Morogoro ilishuka baada ya msimu mmoja tu, mwaka 2015. Stand United ilidumu hadi mwaka 2019. Ndanda ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko wenzake. Katika kipindi hicho ilishuhudia timu zenye historia ndefu zikishuka: Coastal Union ya Tanga mwaka 2016, Toto Africans ya Mwanza mwaka 2017 na Majimaji ya Songea mwaka 2018.

Kushuka kwa Majimaji kuliiacha Ndanda ikiwa timu pekee ya Ligi Kuu katika eneo lote la kusini, kuanzia Ruvuma hadi pwani ya Lindi na Mtwara. Hali hiyo ilidumu msimu mmoja, hadi Namungo ilipopanda mwaka 2019.

Muundo wa ligi msimu huo

Ligi ya 2019/20 ilianza Agosti 2019 na kampuni ya simu ya Vodacom ilirudi kuwa mdhamini mkuu, baada ya msimu wa 2018/19 kuchezwa bila mdhamini mkuu. Kila timu ilipangiwa mechi 38, yaani 19 nyumbani na 19 ugenini.

Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilikuwa limeamua kupunguza timu kutoka 20 hadi 18 kwa msimu uliofuata. Kwa sababu hiyo utaratibu wa kushuka ulikuwa mkali kuliko wa mwaka uliotangulia:

* Timu nne za mwisho zilishuka moja kwa moja.
* Timu mbili zilizokuwa juu ya hizo nne zilikwenda kwenye mchujo dhidi ya timu za Ligi Daraja la Kwanza.
* Timu mbili, Dodoma Jiji na Gwambina, zilipanda moja kwa moja.

Mwaka 2019 timu zilizoshuka moja kwa moja zilikuwa mbili tu, Stand United na African Lyon. Timu iliyokuwa imezoea kuponea chupuchupu, kama Ndanda, sasa ilihitaji kumaliza nafasi kadhaa juu zaidi ili iwe salama.

Mwenendo wa msimu

Kwa klabu za mikoani, ziara za Simba na Yanga ndizo zinazojaza uwanja na kuleta mapato makubwa ya mlangoni. Katika msimu huu Ndanda haikupata bao katika mechi yoyote kati ya mbili za nyumbani dhidi ya vigogo hao.

Yanga ilicheza Nangwanda Sijaona tarehe 8 Novemba 2019, siku chache baada ya kuachana na kocha wake Mwinyi Zahera. Chini ya kocha wa muda Charles Boniface Mkwasa, Yanga ilishinda 1-0 kwa bao la Patrick Sibomana la mpira wa adhabu.

Simba ilifika Mtwara tarehe 5 Julai 2020, ikiwa tayari imetwaa ubingwa. Mechi iliisha bila kufungana, kama ilivyokuwa timu hizo zilipokutana katika uwanja huohuo Septemba 2018. Kumzuia bingwa kulikuwa jambo la kujivunia, lakini kwa timu iliyokuwa ikipigania kubaki, sare hiyo iliongeza pointi moja tu wakati ambapo mechi zilizobaki zilikuwa chache.

Kusimama kwa ligi

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kusimamishwa kwa mikusanyiko, ikiwemo michezo. Ligi ilisimama kwa takriban miezi mitatu.

Serikali iliruhusu michezo kuendelea kuanzia tarehe 1 Juni. Mwanzoni ulikuwepo mpango wa kuchezea mechi zote zilizobaki za Ligi Kuu katika kituo kimoja jijini Dar es Salaam, lakini mpango huo uliachwa na timu zikarudi kucheza nyumbani na ugenini. Ligi ilirejea tarehe 13 Juni 2020 na kumalizika tarehe 26 Julai. Mechi zilizobaki zikabanwa ndani ya wiki sita, na ndani ya wiki hizo kulikuwa pia na mechi za Kombe la Shirikisho.

Ratiba ya namna hiyo huzibana zaidi timu zenye kikosi kidogo na zinazosafiri kwa barabara, kwa kuwa siku za kupumzika kati ya mechi na mechi hupungua.

Kushuka daraja

Simba ilitangazwa bingwa tarehe 28 Juni 2020 baada ya sare ya 0-0 na Tanzania Prisons jijini Mbeya. Huo ulikuwa ubingwa wake wa tatu mfululizo, na ilimaliza ligi ikiwa na pointi 88. Yanga ilishika nafasi ya pili na Azam ya tatu.

Upande wa chini, matokeo yalikuwa haya:

* Walioshuka moja kwa moja: Singida United, Lipuli, Ndanda na Alliance.
* Walioshuka kwa mchujo: Mbao FC ya Mwanza, iliyotolewa na Ihefu ya Mbarali mkoani Mbeya.
* Walionusurika kwa mchujo: Mbeya City, iliyoitoa Geita Gold.

Hivyo timu tano ziliondoka Ligi Kuu kwa mara moja. Mwanza ilipoteza timu zake zote mbili, na mikoa ya Mtwara, Iringa na Singida ikabaki bila timu katika daraja hilo.

Mazingira ya kushuka

Umbali

Mtwara iko kwenye pembe ya kusini-mashariki ya nchi, karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia Bahari ya Hindi na mpaka wa Msumbiji. Dar es Salaam iko umbali wa takriban kilomita 560 kwa barabara. Katika msimu wa 2019/20 Ndanda ilikuwa na mpinzani mmoja tu wa ukanda wake, Namungo. Kwa mechi nyingine 18 za ugenini safari fupi kabisa ilikuwa kwenda Dar es Salaam au mkoa wa Pwani.

Safari ndefu zaidi zilikuwa za Kanda ya Ziwa, ambako Ndanda ilikuwa na wapinzani watano: Alliance na Mbao za Mwanza, Kagera Sugar ya Bukoba, Biashara United ya Mara na Mwadui ya Shinyanga. Kutoka Mtwara hadi Mwanza au Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,500 kwenda tu. Nauli au mafuta, malazi na chakula cha kikosi kizima kwa safari kama hizo ni gharama ambayo timu ya Dar es Salaam haikutani nayo mara nyingi, kwa sababu baadhi ya wapinzani wake wako karibu.

Umiliki na fedha

Timu nyingi za Ligi Kuu zina taasisi nyuma yake. Tanzania Prisons ni ya Magereza, Polisi Tanzania ni ya polisi, JKT Tanzania na Ruvu Shooting ni za jeshi. Mtibwa Sugar na Kagera Sugar zinategemea viwanda vya sukari, Mwadui mgodi wa almasi, na Azam kampuni za Bakhresa. KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni na Mbeya City ni ya halmashauri ya jiji. Wachezaji wa timu kama hizo wana uhakika zaidi wa mshahara, na wengine ni waajiriwa wa taasisi.

Hakuna hata moja kati ya timu tano zilizoshuka mwaka 2020 iliyokuwa ya jeshi, ya halmashauri au ya kiwanda kikubwa. Ndanda na Lipuli zilikuwa timu za wananchi wa mikoa yao, zikitegemea wadau, mapato ya mlangoni na wadhamini wa muda. Alliance ilitokana na shule na kituo cha kukuza vipaji. Singida United ilikuwa imecheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018 na kufungwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Miaka miwili baadaye ilikuwa imeshuka.

Hata hivyo, kukosa taasisi hakumaanishi lazima kushuka. Coastal Union, klabu ya wananchi wa Tanga iliyowahi kushuka mwaka 2016 na kurejea, ilibaki Ligi Kuu msimu huohuo.

Uchumi wa mkoa

Uchumi wa kaya nyingi za Mtwara unategemea korosho, zao ambalo fedha yake huingia kwa msimu, hasa miezi ya mwisho wa mwaka. Msimu wa korosho wa 2018/19 ulikuwa na msukosuko: wanunuzi binafsi na wakulima walishindwa kuelewana juu ya bei, na Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo ikitumia jeshi kuikusanya. Malipo ya baadhi ya wakulima yalichelewa. Katika mkoa wa aina hiyo, michango ya wadau na idadi ya wanaolipa kiingilio uwanjani haiwezi kutenganishwa na hali ya zao hilo.

Mkoa una pia gesi asilia ya Mnazi Bay, bandari na kiwanda cha saruji cha Dangote, lakini Ndanda haikuwa timu ya taasisi yoyote kati ya hizo.

Ulinganisho na Namungo

Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza. Ilimaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho, iliyochezwa Sumbawanga tarehe 2 Agosti 2020, ambako ilifungwa na Simba 2-1. Kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, nafasi ya kuwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika ilikwenda kwa Namungo, nayo ikafika hatua ya makundi katika msimu wa 2020/21.

Ruangwa, iliyokuwa jimbo la Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, ina uwanja unaobeba jina lake. Ni hapo Simba ilipokabidhiwa kombe la ubingwa tarehe 8 Julai 2020, siku tatu baada ya mechi yake ya Mtwara. Timu hizo mbili zilikuwa za ukanda mmoja na zilikabiliwa na safari ndefu zilezile. Kwa hiyo umbali peke yake hautoshi kueleza kwa nini Ndanda ilishuka.

Baada ya msimu

Ndanda ilianza msimu wa 2020/21 katika Ligi Daraja la Kwanza, ambayo mwaka 2021 ilibadilishwa jina na kuitwa Ligi ya Championship. Katika misimu mitano iliyofuata, hadi 2024/25, haikurejea Ligi Kuu.

Kwa wakazi wa Mtwara, matokeo ya kushuka yalikuwa ya moja kwa moja. Kwa miaka sita Simba, Yanga na Azam zilikuwa zikifika Nangwanda Sijaona kila msimu, na wauza vyakula, wenye nyumba za wageni na madereva wa bodaboda walinufaika na siku hizo. Baada ya Julai 2020, mpenzi wa soka wa Mtwara aliyetaka kuona mechi ya Ligi Kuu katika ukanda wake alilazimika kuvuka hadi mkoa wa Lindi, kwa Namungo.

Tazama pia

* Ligi Kuu Tanzania Bara
* Namungo FC
* Uwanja wa Nangwanda Sijaona
* Mkoa wa Mtwara